Mwaka wa Mkono wa Kushoto

Simu ilinikuta uani, hapa Mbaha, nikigeuza usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye kichanja kabla jua halijawa kali. Sauti ya mwanamke, yenye Kiswahili laini cha Pwani, iliniuliza kama mimi ndiye Kandida wa Mkumbi. Huku ziwani hakuna anayeniita hivyo. Mimi ni Mama Yordani, na kwa wale waliowahi kuwa na kesi ni Karani, kwa sababu nilifanya kazi ya ukarani wa mahakama mpaka nikastaafu. Nikamwambia ndiye. "Mimi Rukia," akasema, "mtoto wa Bi Mwanahawa wa Pangani. Mama ametutupa mkono, dada. Tumemzika juzi." Nilikaa chini pale pale mchangani. Rukia akanieleza kwamba mama yake aliishi miaka yake ya mwisho akiwa amepooza upande wa kulia, na kwamba daktari alishangaa kumwona, siku chache tu baada ya kiharusi, akishika kalamu kwa mkono wa kushoto na kuandika jina lake bila kutetemeka. "Tukamuuliza, Mama, hayo umejifunzia wapi? Akasema, Mkumbi, kwa Kandida. Nikajiambia, lazima nimtafute huyo Kandida." Alipokata simu kunguru walikuwa wameshaanza kula usipa wangu, na sikuwafukuza.

Kutupa mkono ni kufa. Rukia alilitamka neno hilo kama mtu anavyovuta pumzi, kwa sababu amezaliwa ndani yake. Mimi nilifundishwa darasani, katika milima yenye ukungu ambako Kiswahili tulikisikia shuleni, kanisani na sokoni, na nyumbani tukarudi kwenye Kimatengo chetu. Aliyenifundisha ni huyo huyo waliyemzika juzi. Ndiyo maana nataka kuusimulia mwaka ule kabla mimi pia sijatupa mkono wangu.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa kuingia kwenye kahawa. Zamani tulikuwa na chama cha ushirika peke yake. Unapeleka kahawa, unasubiri, unasubiri tena. Sasa malori mageni yalipanda mpaka kwenye vijiji vyetu, na wanunuzi wakawa wanaita watu barabarani kama wauza mitumba. Maduka ya Mbinga yalijaa sabuni za rangi, redio za kaseti na masweta yaliyovaliwa na watu tusiowajua. Kila nyumba ilitaka kuwahi lori. Katika haraka hiyo, msimu mmoja kabla ya mwaka ninaousimulia, nilikuwa nalisha kahawa mbivu kwenye mashine ya kumenyea, Baba akizungusha mpini, na vidole vyangu vikaingia kwenye meno ya chuma pamoja na kahawa. Sitaeleza zaidi ya hapo. Hospitali ya misheni walifanya walichoweza, nikarudi nyumbani na mkono wa kulia wenye kidole gumba na kipande cha kiganja. Baba aliifunika mashine kwa gunia, akaanza kubeba kahawa yake kwenda kumenyea kwa jirani. Hakuwahi kusema lolote juu ya siku ile. Akizungumza nami alitazama mlango, au moto, au miguu yake.

Januari nilirudi shuleni kurudia kidato cha pili. Shule yetu ya Mkumbi ilikuwa mpya, imejengwa kwa matofali tuliyoyachoma wenyewe, na haikuwa na bweni. Kwetu ni ng'ambo ya bonde, na mvua zikinyesha kile kijito cha katikati hakivukiki, kwa hiyo wasichana wa upande wetu tulitafutiwa nyumba za kukaa. Mimi nilipelekwa kwa mwalimu wa Kiswahili, Mwalimu Mwanahawa, kwa sababu alikuwa peke yake na nyumba yake ilikuwa na chumba cha ziada. Mumewe alikuwa amefariki, mwanawe Rukia alibaki Pangani kwa bibi yake mzaa baba, na serikali ilimleta yeye kwetu, Mwislamu kati ya Wakatoliki, mtu wa joto katikati ya baridi. Alivaa masweta mawili ya mitumba juu ya gauni, na juu ya masweta akajifunga kanga. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo darasa zima lilinyamaza ili kuisikia.

Sebule yake naikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyoishi baadaye. Mapazia yalikuwa kanga zilizochakaa, kwenye kona palikuwa na chetezo cha kufukizia udi, na juu ya meza ndogo lilikaa birika la shaba alilolibeba magotini kutoka Pangani hadi Mbinga. Chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi mpaka macho yalitoa machozi. Nazi kwetu hazipo, kwa hiyo alisaga karanga akatia kwenye maharage, akaita "nazi ya milimani," akacheka peke yake. Tulikula chini, mkekani, ugali kwenye sinia moja. Siku za kwanza niliona kitu. Kila nilipomega tonge kwa mkono wa kushoto, Mwalimu aliinamisha macho, na mdomo wake ukakaza kidogo, kama mtu aliyekanyaga kokoto. Sikumlaumu. Hata nyumbani kwetu mkono wa kushoto haukupelekwa kwenye chakula. Nikaomba kijiko, nikasema ugali ni wa moto. Akanipa, na wote wawili tulijua kwamba ugali haukuwa wa moto.

Alasiri moja nilikuwa chumbani nikikunja nguo wakati mkuu wa shule alipokuja kumtembelea. Kuta za nyumba zile hazikufika juu kwenye bati, na maneno yalipita kama moshi. Nilimsikia Mkuu akisema, "Mwalimu, huyu mtoto tunamtesa. Mtihani hauna huruma. Angekaa nyumbani akajifunza hata biashara ndogo ndogo."

"Anaandika, Mkuu."

"Anaandika kama kuku anayepekua."

"Kuku akipekua anashiba," Mwalimu akajibu.

Mkuu alicheka, lakini hakuacha. "Na hilo somo lako la nahau. Nimeona umeandaa neno mkono. Badilisha, tafadhali. Chukua jicho, chukua mdomo, maneno yako mengi."

Nikasikia chai ikimiminwa. "Jana nilibadilisha," akasema Mwalimu. "Nikaandaa mdomo. Halafu nikaona, nikiliruka neno hili nitakuwa nimemruka yeye. Kiswahili kimejaa mikono, Mkuu. Atakutana nayo maisha yake yote, msibani, arusini, kortini. Afadhali aanze kukutana nayo mbele yangu." Kisha sauti ikashuka zaidi, nikasogea ukutani. "Lakini nikuambie kweli. Mimi mwenyewe nikimwona anakula kwa kushoto, mwili unanisisimka. Ndivyo nilivyolelewa. Marehemu mama yangu alinipiga kofi nikigusa chakula kwa mkono huo. Najua mtoto hana mwingine. Najua, na bado nasisimkwa. Sijui nifanye nini na jambo hilo."

Nilikaa kitandani na gauni mapajani. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. Lakini nilipoendelea kukaa, uchungu ule ulianza kubadilika. Tangu nilipotoka hospitali, kila mtu mzima alikuwa amenidanganya kwa wema. Walisema haionekani sana, walisema Mungu ana makusudi, walisema nitazoea. Huyu ndiye mtu mzima wa kwanza niliyemsikia akisema kwamba hajui. Sasa nimeshawasikiliza watu wengi wakiapa mahakamani, na bado sijasikia ushahidi ulionyooka kama ule alioutoa Mwalimu juu ya nafsi yake mwenyewe, akidhani hakuna anayemsikia.

Kesho yake baada ya vipindi aliniita nje. Alikuwa na vibao viwili vya kuandikia na chaki. Akanipa kimoja, akakaa kwenye gogo kando yangu, akahamishia chaki yake mkono wa kushoto. "Andika jina lako," akasema, "nami naandika langu. Atakayeshindwa anapika." Jina langu lilitoka limepinda, la kwake lilitoka baya zaidi, herufi zake zikitembea kama walevi wanaotoka kilabuni. Alilitazama, akacheka mpaka kanga ikamtoka mabegani. Alipika yeye siku hiyo na siku nyingi zilizofuata. Tulifanya hivyo karibu kila alasiri isiyo na mvua. Watu waliopita njiani kwenda mashambani walisimama kumtazama mwalimu wa serikali akitoa ulimi kwa kujitahidi kama mtoto wa darasa la kwanza, na hakujali. Mwandiko wangu ulinyooka polepole. Wake pia ulinyooka, ukinifuata nyuma.

Somo lenyewe alilifundisha wiki iliyofuata. Aliingia darasani na lile birika la shaba, akaliweka mezani, akaandika ubaoni neno moja, MKONO. Macho yote yalikuja kwangu, kisha yakakimbia. Nilificha kisiki changu chini ya dawati. Mwalimu hakunitazama wala hakuepuka kunitazama. Alipitisha macho kwangu kama alivyopitisha kwa wengine. "Neno hili," akasema, "lina watoto wengi. Leo tuwaite majina, halafu tuulize kila mmoja amezaliwa wapi."

Tukawaita. Kuunga mkono, kukubaliana na mtu na kumsaidia. Mkono mrefu, mwizi. Mkono mtupu haulambwi, ukienda kwa watu nenda na kitu. Kutupa mkono, kufa. Alipofika kwenye mkono wa birika, ambaye ni mtu mchoyo, aliuliza kwa nini. Joakimu wa Litumbandyosi, kijana mcheshi kuliko wote, akasema ni kwa sababu birika linawapa wenzake chai lakini mkono wake wenyewe hauonji. Darasa likacheka. "Huyo si mchoyo, huyo ni mama," Mwalimu akasema, tukacheka zaidi. Kisha akaweka mkono mmoja kiunoni, kiwiko nje, akasimama kando ya birika. Tukaona. "Wazee wa kwetu husema hivi: tazama mkono wake, umejikunja na kujishika wenyewe. Haunyooki kumpa mtu. Lakini nimewasikia wengine wakieleza vingine. Maneno ni kama watu, hayakumbuki vizuri siku yaliyozaliwa." Kuhusu kuunga mkono mimi mwenyewe nilitoa jibu, kwa sauti ndogo. Nilisema huenda limetoka kwenye kazi za pamoja, kama kina mama wanavyochimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, mteremkoni, kila mmoja anaanzia shimo la mwenzake lilipoishia. Mwalimu alifikiri. "Sijui kama ndivyo," akasema, "ila tangu leo nikilitamka nitawaona hao kina mama."

Miongoni mwa watoto wa neno mkono alitutajia pia mkono wa Idd, ile desturi ya kwao ya kupita nyumba kwa nyumba siku ya sikukuu kupeana mikono na kutakiana heri. Alilitaja haraka akaendelea. Nadhani hata yeye hakusikia namna sauti yake ilivyobadilika, lakini sisi tulisikia. Alifunga Ramadhani ile peke yake. Nilimwona akifuturu kwa uji na chai, akitazama dirishani ukungu ukishuka kwenye migomba. Asubuhi ya Idd alivaa gauni jeupe, akafukiza udi, akakaa kitini kama mtu anayesubiri basi lisilopita barabara hiyo. Kisha tukasikia hodi. Mlangoni alisimama Joakimu, nyuma yake darasa zima limejipanga, na nyuma ya darasa akina mama wa jumuiya ya kanisa, wameshika kuku hai. Mama mmoja alijieleza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha: "Mwalimu, tumesikia watu wenu hawali kuku wa kuchinjwa na sisi. Basi tumeleta mwenyewe ana roho yake." Joakimu akanyoosha mkono. "Mwalimu, mkono wa Idd." Mwalimu Mwanahawa alizipokea salamu zote mpaka mtu wa mwisho, akitabasamu, huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Mimi nilibaki jikoni. Sikujua nitoe mkono upi.

Likizo ya Juni nilikwenda nyumbani. Kahawa ilikuwa imeiva na malori yalikuwa yamekuja tena. Baba hakutaka nisogee hata kwenye vikapu. Nilipomletea maji alisema, "Weka hapo," akayachukua baada ya mimi kuondoka. Wiki hiyo kulikuwa na arusi ya jirani, na wasichana tulipewa kazi ya kuwanawisha wageni. Nilining'iniza beseni kwenye kiwiko cha kulia, nikashika jagi kwa mkono wa kushoto. Niliinama mbele ya mzee mmoja, mtu ninayemheshimu. "Shikamoo, Babu," nikasema. Alikuwa ameshanyoosha mikono. Alipoona jagi liko mkono gani, akairudisha mikono yake mapajani. "Marahaba," akasema kwa upole, "aje mwingine." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonivunja. Nilimpa mwenzangu beseni, nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama kati ya migomba mpaka ngoma zikaanza. Baba alikuwa ameketi na wazee wale wale, aliona kila kitu. Njiani kurudi alitembea mbele yangu, bila kugeuka.

Nilimsimulia Mwalimu Mwanahawa yote siku niliyorudi, mbele ya birika. Nilitegemea atasema mzee yule alikosea. Hakusema. Alikaa muda mrefu akipuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa, kisha akasema tu, "Pole, mwanangu." Siku ile niliona kama amenitupa. Siku hizi nafikiri alikuwa anapigana na lile kofi la marehemu mama yake.

Siku chache baadaye alirudi kwenye neno mkono darasani. Alisema kuna watoto wawili wa neno hilo tuliowasahau kwa sababu tunawatumia kila siku. Akaandika mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Alitueleza kwamba wazee wa zamani waliuita wa kwanza mkono wa kuume, na wa pili mkono wa kike, wavulana wakapiga meza kwa furaha na wasichana wakazomea. Kuhusu kushoto alikiri hajui neno hilo limetoka wapi. "Haya, na kulia? Kwa nini unaitwa wa kulia?"

"Kwa sababu ukipigwa nao, unalia," Joakimu akasema, na darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu naye alicheka. Alisubiri, akauliza tena, "Nani mwingine?"

Mimi nilikuwa nimeliona. Sijui lilinijiaje, nadhani ni kwa sababu nilikuwa nafikiria kula kila siku kuliko wenzangu wote. Nikasimama. "Mwalimu, ni mkono wa kulia chakula. Kama kisu cha kukatia, au chungu cha kupikia. Huu ni mkono wa kulia."

"Sahihi kabisa," akasema. Ningeweza kukaa. Sikukaa. Sauti iliyotoka kinywani sikuitambua kuwa ni yangu. "Basi, Mwalimu, mimi wa kulia ni huu." Nikauinua mkono wa kushoto, nikakitoa na kisiki chini ya dawati, nikaviweka vyote viwili mbele ya darasa.

Hakuna aliyecheka. Nje mtu alikuwa anapasua kuni, na nilisikia shoka likishuka. Mwalimu Mwanahawa alinitazama, na kwenye uso wake nikaona jambo ambalo sijaliona tena kwa mtu mzima, nalo ni kufahamu jambo mbele ya watoto bila kuona aibu. Akashuka kutoka mbele, akapita kati ya madawati mpaka kwangu. Akanyoosha mkono wake wa kushoto. Yeye, mtoto wa Pangani, aliyekatazwa kwa kofi kuupeleka mkono ule kwenye chochote cha heshima, alinipa mkono huo na kuushika wangu kwa nguvu. "Sahihi," akasema tena. "Lugha imekubali." Kisha akarudi ubaoni akaendelea na somo. Jioni tulipokaa kula, nilipochukua kijiko alikiondoa mkononi mwangu taratibu, akakiweka mbali. "Ugali haujui kijiko," akasema, na nilipomega tonge alinitazama usoni, akaniuliza habari za hesabu.

Septemba uhamisho wake ulikuja. Alikuwa ameuomba kabla sijamfahamu, aende karibu na Rukia, na sasa Tanga walikuwa wanamtaka mara moja. Nilimsikia tena kupitia ukuta ule, safari hii Mkuu ndiye aliyekuwa anamsihi aende asije akaipoteza nafasi. "Nitaomba waningoje mpaka watoto wafanye mtihani," alijibu. "Rukia amenisubiri muda mrefu, najua. Namwomba anisubiri kidogo tena." Wakati ule nilifurahi tu. Sasa mimi ni mama, na nimeongea na Rukia kwa simu, najua furaha yangu ililipiwa na mtoto mwingine aliyekuwa anahesabu siku dirishani. Nilimwomba Rukia radhi kwa jambo hilo. Alisema, "Alikuja na birika na hadithi zako, dada. Tulifaidi."

Mtihani niliufanya kwa mkono wangu mwenyewe. Historia sikuimaliza, kalamu haikuwa na mbio za kutosha. Kiswahili nilimaliza mapema kuliko Joakimu, nikakaa nikitazama nje. Mkuu wa shule ndiye aliyekuwa akipita kati ya madawati, na alisimama nyuma yangu kitambo. Tulipotoka aliniambia, "Kandida, kuku ameshiba." Hakujua kwamba nilikuwa nimelisikia neno lile tangu mwanzo. Nilifaulu. Sikuwa wa kwanza, wala wa tano, lakini nilifaulu, na mwandiko ule ndio ulionipeleka kidato cha tatu na baadaye kwenye meza ya mahakama.

Aliondoka Desemba, asubuhi, kwa lori la mnunuzi wa kahawa lililokuwa linarudi Mbinga. Kijiji kilikuja. Akina mama waliimba, wakampa maharage, kahawa iliyokaangwa, na mkungu wa ndizi ambao dereva alilalamika hauna pa kukaa. Baba naye alikuja, amevaa koti lake la kanisani. Alisimama nyuma ya watu mpaka Mwalimu alipomfuata.

"Baba Kandida, umeuona mwandiko wa mtoto wako?"

"Sijauona, Mwalimu."

"Uombe uuone. Mimi nimeshindana naye mwaka mzima, hajanipa nafasi."

Baba aliinamisha kichwa, akasema asante kwa Kimatengo, kisha akakumbuka na kusema tena kwa Kiswahili. Mwalimu alinikumbatia. Alinuka udi na tangawizi. Hakuniambia neno la hekima, aliniambia nisisahau kula. Lori likashuka kilima, na kanga yake ikaonekana kwenye kila kona mpaka kona zikaisha. Sikumwona tena maishani mwangu. Tulitumiana salamu kupitia watu, zikapungua, zikakatika, kama zinavyokatika salamu za watu wenye kazi na watoto.

Tulianza safari ya nyumbani, Baba mbele, mimi nyuma na sanduku langu kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ya bondeni ilikuwa inateleza kama sabuni. Tulipofika kijitoni maji yalikuwa yamepanda juu ya mawe ya kuvukia. Baba aliingia kwanza, akapima kwa fimbo, akasimama katikati, maji magotini. Akachukua sanduku akaliweka begani. Kisha akageuka na kuninyooshea mkono. Nikampa wa kushoto, wenye nguvu. Hakuupokea. Alisogea, akaushika wa kulia, pale ambapo vidole vilikuwa vimekwisha, akakifunika kisiki chote kwa kiganja chake kikubwa cha jembe. Tulisimama hivyo, maji yakipita.

"Unauma?" akaniuliza.

"Hauumi, Baba. Haujauma siku nyingi."

Aliutazama kwa mara ya kwanza. "Mimi nilidhani unauma," akasema. "Kila siku nilidhani unauma."

Akanivusha. Upande wa pili njia ilikuwa kavu na pana, kila mtu angeweza kutembea peke yake, lakini Baba hakuniachia mpaka tulipofika nyumbani.